Kisanduku cha Tatu

Harufu ya gundi ya unga wa muhogo hunivamia nisipoitegemea. Msimu wa uchaguzi, vijana wanapopita na ndoo na fagio wakibandika picha za wagombea kwenye kuta, mimi huvuka barabara. Watu hudhani sipendi siasa. Kumbe ni ile harufu ya uji uliochacha kidogo, inayonirudisha Kigoma, mbele ya ubao wa mbao nyembamba uliosimamishwa nje ya ofisi ya wakimbizi, njia ya kushukia stesheni, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Kila Jumanne karani alitoka na beseni la gundi, akapaka ubao kwa kiganja, akabandika karatasi mpya za majina. Kabla gundi haijakauka watu walikuwa wameshajaa, wanawake kwa wanaume, wengi wao wasiojua kusoma, wakizigusa karatasi kwa vidole kana kwamba jina la mtu wao lingepatikana kwa kupapasa. Wakiondoka, vidole vyao vilikuwa vyeupe. Vyangu pia.

Baba yangu alikuwa mpimaji wa ardhi, mtu wa Njombe aliyehamishiwa Kigoma na serikali akiwa na ramani nyingi kuliko vyombo vya jikoni. Mama alikuwa muuguzi, na tangu mitumbwi ya watu wa ng'ambo ilipoanza kuingia mfululizo, tulimwona asubuhi akitoka na jioni akirudi amechoka hadi kusahau kuvua viatu. Tulipanga nyumba Rusimbi kwa Bi Mwamvua, mwanamke wa Ujiji aliyekuwa na ulimi mwepesi na mapenzi mazito. Baba alikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni Kiingereza. Aliamini kwamba mtoto anayejua kuandika jina lake Kizungu hatanyanyaswa na ofisi yoyote duniani. Akanifundisha mapema kwamba sisi tunaanza na jina la mtu, kisha la baba, kisha la babu au ukoo, lakini Kiingereza kinataka kinyume: lile la mwisho ndilo bosi, linaandikwa mbele kwa herufi kubwa, linafuatwa na mkato, halafu wewe mwenyewe unafuata nyuma. Madaftari yangu yote yaliandikwa MLIGO, Agripina. Darasa zima la tano hakuna mwingine aliyeandika hivyo. Nilijiona mtu wa maana sana.

Mama Kabura aliletwa kwetu na Bi Mwamvua. Alikuwa amepanga kijumba Kasingirima pamoja na wanawake wengine wa Burundi ambao hawakutaka kwenda kambini, kila mmoja na sababu yake. Yake ilikuwa mtoto. Usiku ule walipokimbia, kwenye ufuko wa kwao, wenye mitumbwi walipakia watoto kwanza. Kabura, aliyekuwa na miaka saba, akanyanyuliwa akawekwa kwenye mtumbwi uliokwisha kujaa. Mama yake akaambiwa apande unaofuata. Upepo ukawatenganisha. Yeye akashukia Kigoma asubuhi, na ule mtumbwi wa watoto hakuuona tena. Baba yake Kabura alikwisha kufa kabla ya hapo, na sikuambiwa kafaje. Mama Kabura alikataa kwenda kambini kwa sababu kambi ziko bara, mbali na ziwa, naye alisema mtoto aliyeondoka kwa maji atarudi kwa maji. Akawa anatupikia, anafua, anapepeta dagaa uani, na kila alipomaliza kazi alisimama kwenye kona ya ua palipoonekana kipande cha ziwa, akatazama kwa muda, halafu akarudi. Hakuwa mtu wa kulialia. Alikuwa mcheshi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi nikikumbuka.

Alinicheka kwa ajili ya majina. Kwao, aliniambia, kila mtoto anazaliwa na jina lake. Kaka ana lake, dada ana lake, baba ana lake, na hakuna anayevaa la mwenzake. Nilipomweleza kwamba mimi, baba, na kaka zangu wawili waliokuwa bweni sote tunaitwa Mligo, aliweka ungo chini.

"Yoo! Sasa mtu akiita Mligo mlangoni, nani anaitika?"

"Baba," nilimwambia.

"Na akikutaka wewe?"

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kitenge. Na mimi nilimlipa kwa kumchekesha zaidi. Pale ofisini kulikuwa na kijana wa Kizungu, shingo nyekundu kwa jua, aliyepewa kipaza sauti kuwaita watu wazima waje kuchukua vyeti na barua zao. Maskini, hakuna aliyemfundisha. Nzeyimana kwake alikuwa Enzi-maina. Ngendakumana alikuwa En-jenda-kyumana. Watu walisimama wakitazamana, mwenye jina akiwa amekaa palepale anasubiri kuitwa, mpaka karani anyakue kipaza sauti na kulisema jina lilivyo. Siku moja aliniona na daftari langu akasoma kwa upole, Em-laigo. Nilirudi nyumbani na sauti ile puani mwangu. Kila alasiri, Mama Kabura akipepeta dagaa, nilipanda juu ya kinu kilicholazwa, nikashika mwiko, nikaita majina ya mtaa mzima kwa Kizungu cha yule kijana. Bi Mwamvua akawa Em-wam-vyua. Alinirushia kandambili. Mama Kabura akicheka alikuwa haonekani kama mtu aliyepoteza kitu.

Fomu ya kumtafuta Kabura niliijaza mimi. Pale dirishani foleni ilikuwa ndefu, na karani, alipoona naweza kuandika, alinisukumia karatasi na kalamu kwa shukrani. Ilikuwa ya Kiingereza. Nilikaa na Mama Kabura kwenye ukingo wa mtaro, nikaweka fomu juu ya paja. Kwenye nafasi ya mzazi anayetafuta niliandika MAMA KABURA kwa herufi kubwa, bila kumuuliza, kwa sababu ndivyo alivyoitwa na kila mtu. Kwa mtoto kulikuwa na visanduku vitatu. Cha kwanza, Kabura. Cha pili, la baba yake, akasema Bigirimana. Cha tatu nikamwambia ni cha jina la babu, baba wa baba yake, na kwamba hicho ndicho kikubwa. Aligeuza uso akatazama mbuzi aliyekuwa akitafuna maganda ya muhogo ng'ambo ya mtaro. Foleni ilikuwa inasogea, karani akaniuliza kwa sauti kama nimemaliza.

"Ni lazima?" aliniuliza Mama Kabura.

"Lazima. Bila hicho hawampati."

"Andika Rwasa," akasema haraka, bila kunitazama.

Nikaandika Rwasa. Nilikuwa na mwandiko mzuri, wa kulala upande mmoja kama alivyotaka Baba. Karani aliutazama akanisifu mbele ya watu.

Watoto hawakuitwa kwa kipaza sauti. Walikuwa wengi mno, na wao wenyewe hawakuwepo pale kuitika. Walikuwa wametawanyika vijijini kando ya ziwa na kwenye vituo vya muda. Kwa hiyo walibandikwa. Kila Jumanne baada ya shule nilimshika mkono Mama Kabura tukashuka mpaka kwenye ubao. Karatasi zilikuwa kumi, pengine zaidi, zikipangwa kwa alfabeti ya jina la mwisho, kisha jina la mtoto, umri, na mahali alipo, na mtoto asiyepata mtu wake alirudiwa wiki iliyofuata. Mwanzoni nilisoma nyingi. Baadaye nikawa mjanja. Nilijipenyeza katikati ya miguu ya watu wazima, nikaenda moja kwa moja kwenye karatasi ya R, nikashusha kidole, nikatoka nikitikisa kichwa. Tulirudi kwa njia ya sokoni, akaninunulia mhogo wa kuchoma, akaniambia ahsante. Kila mara aliniambia ahsante.

Katikati ya msimu ule kuna siku naikumbuka vizuri kuliko ninavyotaka. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka uani na kitabu changu cha Kiingereza chenye picha za wanyama, nikamfundisha Mama Kabura kama mwalimu, naye akinifundisha Kirundi. Mbwa, imbwa. Ng'ombe, inka. Tulipofika kwa tembo nikaweka kidole kwenye picha. Akasema, "Huyo ni yule mkubwa."

"Mkubwa ndiyo jina lake?"

"Mwite hivyo."

Bi Mwamvua, aliyekuwa akisuka ukili mlangoni pake, hakuweza kuvumilia ujinga huo. "We mama, tembo kwenu si ndiyo nzovu? Kiha nzovu, Kirundi nzovu, hata mimi Mmanyema wa Ujiji nalijua!" Mama Kabura alifunika mdomo kwa kiganja, akainama kama mtu anayepita mbele ya mkwewe. Bi Mwamvua aliona, akaelewa mara moja, akaomba radhi na kuingia ndani. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania kuambiwa. Akanieleza kwa sauti ndogo. Kwao mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe, hata kama amekufa, hata kama jina hilo ni la mnyama au la chombo cha jikoni. Hutafuta neno jingine. Nilimuuliza: sasa mtu akikuuliza hapa ni kwa nani, unajibuje? Akatabasamu.

"Namwita Kabura. Yeye ndiye ananitajia. Ananiambia, Mama, mimi ni mdomo wako."

Nilisikia kila neno. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilijua alfabeti yote, nilijua mkato unawekwa wapi, na jioni ile sikujiuliza hata mara moja: kama mkwewe ni Nzovu, basi yule Rwasa niliyemwandika kwenye kisanduku cha tatu ni nani? Nilifunga kitabu nikaenda kucheza rede. Baadaye sana ndipo niliambiwa kwamba Rwasa alikuwa baba mzazi wa Mama Kabura, mtu ambaye jina lake aliruhusiwa kulitamka. Pale kwenye mtaro hakuwa na mdomo wake, na foleni ilikuwa inasogea. Isitoshe, kwake yeye kisanduku kile kilikuwa pambo tu la Kizungu. Mtoto wake aliitwa Kabura. Nani angemtafuta Kabura kwa jina la mzee aliyekwisha kuzikwa?

Jumanne moja, mvua za kwanza zikiwa zimeanza, alinishika bega tukiwa mbele ya ubao. Nilikuwa nimekwisha toka kwenye R. "Leo nisomee zote," alisema. Watu walikuwa wengi, viatu vyangu vimeloa, na nilikuwa nimemwahidi rafiki yangu kwamba nitawahi. Nikamweleza, kwa uvumilivu ule wa kukera wa mtoto anayejua kitu ambacho mtu mzima hakijui, kwamba hakuna haja. Orodha ya Kizungu haisomwi yote. Unakwenda kwenye herufi yako. Kama hayupo kwenye R, hayupo.

"R ni nini?" aliuliza.

Nikamchorea kwenye matope kwa kidole cha mguu. Aliitazama ile herufi muda mrefu. Halafu akasema, "Haya, mwanangu, wewe ndiye unayejua," tukaondoka. Niliwahi kwa rafiki yangu.

Baba hakupenda kununua karatasi. Ofisi zote za mji wakati ule zilikuwa na uhaba, na rafiki yake mmoja wa ile ofisi ya wakimbizi alimpa bunda la karatasi zilizobanduliwa ubaoni, ambazo upande wa nyuma hazikuandikwa kitu. Zikawa za hesabu zangu za likizo. Alasiri moja nilikuwa barazani, mvua imekatika, jua linachoma, Mama Kabura anamenya muhogo karibu yangu. Hesabu zilinichosha. Nikaigeuza karatasi nikaona majina, na pembeni gundi iliyokauka ikiwa na ile harufu. Nikapata wazo la kumchekesha. Nikasimama, nikashika mwiko, nikabana pua. Ilikuwa karatasi ya N. Nikaanza: En-dai-zai. En-tako. En-ti-ham. Alikuwa anacheka tayari, kisu kimetulia mkononi. Nikaendelea, En-zo-vyu, Ka-byu-ra, umri saba, Ilagala. Naye akacheka na hilo pia.

Mimi nikashusha mwiko. Nilisoma tena kwa macho. NZOVU, Kabura, 7, Ilagala. Kalamu ya mtu ilikuwa imeandika tarehe juu ya karatasi, na tarehe ile ilikuwa ya zamani, ya zile Jumanne nilipokuwa ndiyo kwanza nimeanza kwenda moja kwa moja kwenye R. Mama Kabura alisema, "Endelea." Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, "Kabura." Kicheko kikabaki usoni mwake bila kuwa kicheko tena. "Kabura nani?" aliuliza. Nilijua hajisikii vizuri lile jina likitamkwa mbele yake, nikajua pia sina jingine la kusema. "Wa Nzovu," nikasema. Hakufunika mdomo. Alifuta mikono, akachukua karatasi, akaniambia nimwonyeshe alipo. Nilikishika kidole chake nikakiweka juu ya mstari. Alikaa hivyo, kidole chake juu ya mwanawe, mpaka Baba aliporudi.

Baba alituchukua kesho yake asubuhi na gari la ofisi. Njia ya Ilagala ilikuwa ya matope mekundu, na Mama Kabura alikaa mbele, amefunga kitenge chake kizuri, juu ya mapaja ameshika mfuko wenye shati dogo alilolinunua sokoni. Alikadiria ukubwa kwa kunipima mimi mgongoni na kupunguza. Njia nzima alizungumza. Alimwambia Baba kwamba Kabura hapendi dagaa, anapenda mgebuka, na kwamba amechelewa kuota meno ya mbele, pengine sasa yameota. Baba, aliyekuwa mtu wa maneno machache, aliitikia kila kitu. Mimi nilikaa nyuma kwenye vyuma vya kupimia nikiomba Mungu kwa lugha zote mbili nilizozijua.

Tulielekezwa kwa Bi Tatu, mke wa mvuvi, nyumba ya karibu na maji ambako dagaa walikuwa wameanikwa kwenye mchanga. Alimtazama Mama Kabura mara moja tu, akakaa chini. Hakuna aliyemwambia sisi ni nani. Wakati wa msiba mtu hajui aanzie wapi, na Bi Tatu alianzia kwenye sifa. Alisema kijana alikuwa na adabu. Alikuwa akisaidia kugeuza dagaa. Kila mgeni aliyefika, awe mvuvi, awe karani, awe mtu wa kuuza chumvi, Kabura alimwendea akasimama wima akasema majina yake yote matatu kwa mfululizo: Kabura wa Bigirimana wa Nzovu.

"Nikamwambia, mwanangu, sema moja tu, watu wanakuelewa," alisema Bi Tatu. "Akanikatalia. Akasema la tatu Mama yake hawezi kulisema, kwa hiyo asipolisema yeye, Mama yake hatajua ni wapi pa kumfuata."

Homa ilimshika wakati mvua zinaanza. Siku nne. Bi Tatu alimpeleka zahanati mgongoni, akarudi naye mgongoni. Walimzika nyuma ya kijiji, juu kidogo ili maji yasimfikie, na mume wake aliweka jiwe ili wajue ni yeye.

Tulikwenda wote. Kaburi lilikuwa fupi. Nyasi zilikwisha kuota. Mama Kabura alisimama, akatoa lile shati mfukoni, akalikunjua, akalikunja tena. Nilimsubiri alie. Badala yake alifungua mdomo akasema, kwa sauti ya mtu anayemjibu mgeni mlangoni, "Kabura wa Bigirimana wa Nzovu." Akarudia. Mara ya tatu jina la mkwewe lilimtoka kwa nguvu mpaka wavuvi ufukoni wakageuka. Hakuna kilichotokea. Mbingu haikuanguka wala hakuna mzee aliyetoka kaburini kumkemea. Lile jina alilolikwepa miaka yote ya ndoa yake lilikuwa jepesi kutamka kama mengine. Nadhani hilo ndilo lililomvunja, kwa sababu hapo ndipo alipoanguka, Baba akamdaka.

Kuna jambo ambalo sikumwambia, na nilifikiri nimelificha. Sikumwambia kwamba karatasi ile ilikuwa ubaoni. Nilimwacha aamini, kama angetaka kuamini, kwamba ilipotea ofisini, kwamba ililetwa ikiwa imechelewa. Wale wa ofisini nao walikuwa wamemtafuta kwenye R, kwa sababu fomu yangu iliwaelekeza huko. Lakini njiani kurudi, kwenye kiti cha mbele, niliona karatasi iko mkononi mwake na kidole gumba chake kinasugua pembe, polepole, mahali pale penye gundi iliyokauka. Aliisugua njia nzima mpaka Kigoma. Hakugeuka kunitazama. Alijua ilibandikwa. Alijua kwamba Jumanne baada ya Jumanne alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwa mwanawe, mtoto akiwa bado hai, na kwamba ni mimi niliyemtoa pale kwa mkono, na kwamba alininunulia mhogo.

Hakunisema hata siku moja. Laiti angenisema. Alikaa nasi majuma machache, akapika, akafua, na alasiri nilipopanda juu ya kinu kumchekesha, siku moja tu, nikijaribu kurudisha vitu mahali pake, aliniambia kwa upole, "Shuka, mwanangu, utaanguka." Kwenye ile kona ya ua palipoonekana ziwa hakwenda tena. Siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta amekwisha kuondoka. Wengine walisema amepanda mtumbwi kurudi kwao, wengine walisema amekwenda kambini hatimaye, kwa kuwa sasa hakuwa na sababu ya kukaa karibu na maji. Juu ya kitanda changu aliacha lile shati. Lilikuwa dogo kidogo, lakini lingeniingia. Sikulivaa.

Leo mimi ni mwalimu wa sekondari, na wanafunzi wangu hunicheka kwa sababu naita mahudhurio polepole. Naanza na jina la mtoto mwenyewe, naliita kama mama yake anavyoliita, na siruki hata mmoja hata kama namwona amekaa mbele yangu. Ule ubao wa njia ya stesheni hauko tena. Siku hizi orodha za waliopotea na waliopatikana zimo kwenye simu. Huhitaji kuloa, huhitaji kupenya katikati ya miguu ya watu, wala vidole havibaki vyeupe. Inakuja fomu yenye visanduku vilevile vitatu, kwa Kiingereza kilekile, na mashine inatafuta herufi zote kwa kufumba na kufumbua. Nasikia watu wamekutana hivyo baada ya miaka thelathini. Baba alikufa akiamini kwamba Kiingereza changu kilikuwa baraka, nami sikuwa na moyo wa kumwambia vinginevyo.

Mara kwa mara nafungua fomu ile. Namtafuta yeye. Nataka kumwambia kwamba nilijua kwamba alijua, na kwamba nimelihifadhi shati. Kidole changu kinakwenda kwenye kisanduku cha kwanza, na hapo ndipo kinapoishia kila mara. Alishinda nyumbani kwetu karibu mwaka mzima. Alinipikia, alinisuka nywele, alinifundisha jina la mbwa na la ng'ombe. Nilimwita Mama Kabura asubuhi na jioni, niliandika hivyo kwenye fomu kwa herufi kubwa, niliendelea kumwita hivyo hata tuliporudi kutoka kaburini. Sikumuuliza yeye anaitwa nani.